Kama kufunga hujajaliwa, mwangalie Bruce Bowen

Wale ambao mkiingia uwanjani hakuna anayewapasia mpira, hii ni yenu. Mimi kufunga sijajaliwa kabisa, lakini kila timu niliyochezea nilipata namba kwa sababu moja tu, nakaba. Na kukaba nimejifunza zaidi kwa kuangalia klipu za zamani za Bruce Bowen, mkabaji wa zamani wa mpira wa kikapu kule NBA, ligi kubwa ya Marekani, kuliko kwa kocha yeyote.

Jamaa alimaliza chuo 1993, timu za NBA zote zikampita. Akaenda kucheza Ufaransa, akahangaika kwenye ligi ndogondogo, mpaka anatua San Antonio Spurs 2001 alishagonga miaka 30, umri ambao wengine wanaanza kuulizwa wanastaafu lini. Yeye ndo kwanza akabeba ubingwa 2003, 2005 na 2007, na akatajwa kwenye vikosi bora vya ulinzi misimu 8 mfululizo, ule wa kwanza akiwa bado timu nyingine ya NBA, Miami Heat. Wastani wake wa pointi? 6.1 kwa mechi, basi.

Sasa ukimwangalia achana na mpira, angalia miguu. Mshambuliaji atayumbisha mabega, atatupa macho huku, mpira utapita katikati ya miguu, Bowen hashtuki maana anakitazama kiuno, na kiuno kikigeuka ndo mtu kaamua kweli. Halafu hasubiri mtu apokee mpira ndo aanze kazi, anamsumbua mapema, anamzibia ile sehemu anayoipenda mpaka anaupokea hatua mbili nje zaidi, na hapo zile sekunde 24 ambazo timu inapewa kutupa mpira zinaanza kumuisha bila kufanya chochote cha maana. Akirusha, mkono uko usoni kwake lakini hakuna kurukaruka. Hili la mwisho ndo lilinisaidia sana, faulo zikapungua nikawa namaliza mechi niko uwanjani.

Kwenye kushambulia alichagua kazi moja: kusimama kona na kutupa za pointi tatu, na kona ndo sehemu ambayo ule mstari uko karibu zaidi na ringi. Msimu wa 2002-03 aliongoza ligi nzima kwa asilimia 44.1 za pointi tatu, msimu huohuo mitupo huru, ile ya kutupa bila kukabwa, akapata asilimia 40.4, sijui alikuwa anawaza nini pale kwenye mstari 😂. Kwa hiyo na wewe chagua sehemu moja, itupie kila siku ya mazoezi, ili beki wako asikuache aende kusaidia wenzake.

Ile ya kuweka mguu chini ya mtu aliyeruka kutupa, wengi walimlalamikia na mimi niko upande wao. Usiige. Kifundo cha mtu kinaweza kuisha hapo, na tangu 2017 marefa wa NBA wana ruhusa ya kuirudia kwenye video na kuipandisha daraja hiyo faulo iwe nzito zaidi.

Mazoezini omba kumkaba mkali wenu kila siku, hata akikudhalilisha. Na mechi ikiisha usikimbilie kuangalia uliyemkaba kafunga ngapi, angalia katupa mara ngapi, maana akiwa na pointi 24 kwa mitupo 27 we nenda kaoge kwa raha zako.