Kabla ya kuandika "the", jiulize msomaji anajua nini

Mtu akiniletea barua yake ya Kiingereza niipitie kabla haijatumwa, shida kubwa huwa siyo msamiati. Watu wetu wana maneno ya kutosha, na wengine wana maneno mazito kuliko yanayohitajika. Tahajia siku hizi kompyuta inaimaliza yenyewe. Kinachobaki ni vineno vitatu, a, an na the: ama havipo panapotakiwa, ama vimepachikwa mahali ambapo havina kazi. Kwa miaka mingi nimekuwa nikipitia ripoti, barua za maombi ya kazi na maandiko ya miradi ya wenzangu, na ushauri ninaoutoa hapa ndio huohuo ninaowapa tukikaa mezani: acha kwanza kuitazama nomino, mtazame atakayesoma.

Kiswahili hakina vineno hivi, na namna tunavyofundishwa haisaidii sana. Katika shule nyingi za msingi za serikali hapa Tanzania, karibu masomo yote isipokuwa Kiingereza chenyewe husomwa kwa Kiswahili hadi mwisho wa shule ya msingi. Ukiingia kidato cha kwanza, kila kitu kinageuka. Katika msukosuko huo a na the hupewa sentensi moja ubaoni: "a" ni kwa kitu kisichojulikana, "the" ni kwa kitu kinachojulikana. Si uongo, lakini haisemi kinajulikana na nani. Wewe mwandishi unakijua kila unachokiandika, kwa hiyo ukijipima mwenyewe utajaza the ukurasa mzima. Anayepimwa ni msomaji.

Na hilo la kumpima msomaji tunalifanya kila siku kwa Kiswahili bila kufundishwa na mtu. "Hapo zamani za kale palikuwa na mfalme. Mfalme huyo alikuwa na mabinti watatu." Mfalme wa kwanza ni a king, wa pili ni the king. Hakuna bibi anayeanza hadithi kwa "palikuwa na mfalme huyo"; wajukuu wangemkatiza palepale wamuulize mfalme yupi. Palikuwa na, kuna, nilikutana na mtu mmoja: hizo zote karibu kila mara huzaa a. Huyo, hiyo, yule, ile huzaa the.

Hata viambishi vyetu vinafanya kazi hiyo. Rafiki yako akikuambia "nimenunua gari", anakupa habari mpya. Akisema "nimelinunua gari", maana yake mlishalizungumzia, pengine ulimshauri asilinunue. La kwanza ni I have bought a car, la pili ni I have bought the car. Kipimo hiki kinafaa sana kwa vitu, ila kwa watu kinadanganya, kwa sababu kiambishi cha mtu huja tu apende asipende: "nimemwona mtu" tunasema hata kama mtu huyo hatumjui kabisa. Kwa watu tumia "yule". Weka "yule" mbele ya nomino. Msomaji akiweza kuendelea bila kuuliza "yupi?", andika the. Akiuliza, andika a.

Tukichukue kipande kimoja tukitazame kwa karibu. Nimekitunga mwenyewe, lakini vya aina hii hupita mezani kwangu kila mara:

"I am teacher in primary school in Morogoro. School has library, but library has no roof. Last year we wrote letter to district council asking for the money."

Anza na teacher. Kwa Kiswahili "mimi ni mwalimu" imekamilika. Kwa Kiingereza mwalimu mmoja kati ya wengi lazima awe a teacher. Kazi yoyote utakayojitambulisha nayo inadai kineno hicho: I am a nurse, I work as an accountant. Primary school ndiyo kwanza inatajwa, na Morogoro ina shule nyingi, kwa hiyo a primary school. Sentensi ya pili inairudia shule ileile, na sasa msomaji anaijua: the school. Library ni ngeni, a library, na ikirudi mara ya pili ni the library. No roof haiguswi, kwa sababu "no" imeshakalia kiti. Ndivyo ilivyo pia kwa my, your, this na that: ikiingia moja, a na the hazina nafasi, na "the my book" haipo.

Hapa kwenye district council ndipo wengi wanaponibishia. "Lakini mkuu, halmashauri haijatajwa kabla, kwa nini iwe the?" Kwa sababu shule iko katika wilaya moja, na halmashauri inayoihusu ni moja. Msomaji hahitaji kutambulishwa. Ni kama mtu anavyosema the sun, au anavyosema close the door akiwa chumba chenye mlango mmoja. Ukiandika a district council, nitafikiri mliandikia halmashauri yoyote mliyoikuta njiani.

Mwisho kuna the money, ambayo kwenye kipande hiki inaleta balaa. Asking for money ni kuomba fedha. Asking for the money ni kudai fedha mlizoahidiwa. Ofisa atakayeisoma barua hiyo ataanza kutafuta kwenye faili ahadi ambayo haikutolewa. Kompyuta itakupigia mstari kwenye "I am teacher", lakini kwenye the money itanyamaza, kwa kuwa haijui kama mliahidiwa au la.

Suala la a na an ni jepesi, na wengi wanalikosea kwa sababu wanatazama herufi. Sikiliza sauti. Hour inaanza na irabu mdomoni, kwa hiyo an hour. University na uniform zinaanza na "yu", kwa hiyo a university, a uniform. Vifupisho ndivyo vinavyowakamata watu wa ofisini: NGO inatamkwa "en-ji-o", basi ni an NGO, MP ni an MP, SMS ni an SMS, lakini UN ni a UN agency. A one-year contract, siyo an. Kwa udadisi tu, an ndiyo ya zamani zaidi; ilitoka shina moja na one, kisha ikapoteza n mbele ya konsonanti. Waingereza wenyewe walichanganyikiwa mpaka "a napron" ikageuka an apron.

Nikiwa hapohapo kwenye matamshi: ukiwa umezoea kutamka dhahabu na dhiki sawasawa, the huna haja ya kuitamka "za". Mbele ya irabu sema "dhi".

Sasa tuje kwenye nomino zisizohesabika, ambako hata wenye shahada mbili huteleza. Information, advice, equipment, furniture, luggage, news, research, evidence: hizi hazichukui a wala an, na wala hazina wingi wa s. Kiswahili hapa hakikusaidii, kwa sababu sisi tunahesabu vifaa vitatu na samani tano bila wasiwasi. Mwingereza atasema three pieces of equipment. "I conducted a research" imejaa kwenye tasnifu zetu. Andika I conducted research, au a study ukitaka kitu cha kuhesabu. "He is a staff of this hospital" utaisikia kuanzia Mombasa hadi Mbeya. Staff ni wafanyakazi wote kwa pamoja, na mmoja wao ni a member of staff. Kwenye barua ya kuomba kazi, experience yenye maana ya uzoefu haina a: I have experience in bookkeeping, I have five years' experience. An experience ni tukio lililokupata. Na kama mchana ulikula kuku, sema I had chicken. Ukisema I had a chicken, umemmaliza mzima peke yako.

Kundi hili sina kanuni ya kukupa. Yabandike maneno hayo mahali unapoyaona kila siku mpaka yakuzoee.

Kosa la upande wa pili, la kuzidisha the, nalikuta zaidi kwa ndugu zetu wa Bukavu na Bujumbura, na kwa Waswahili waliosomea Muscat. Wao hawatoki kwenye utupu kama sisi. Mwenye Kifaransa kichwani ana la vie, mwenye Kiarabu ana al-hayat, basi kwa Kiingereza anaandika "the life is hard". Kiingereza kikizungumzia jambo kwa ujumla wake hukiacha kitu kitupu: Life is hard. Children need sleep. Teachers deserve respect. Ukisema the teachers, unawazungumzia walimu fulani, labda wale wa shule iliyotajwa juu. Ukikutana na sentensi yako yenye the halafu ukaona inaweza kuanza na "kwa kawaida", ijaribu bila the.

Shule na hospitali zina tabia yao. My daughter is at school: ameenda kusoma. I went to the school to pay the fees: nimefika kwenye majengo yale, mimi si mwanafunzi. Gerezani ni hivyohivyo, in prison ni mfungwa, in the prison anaweza kuwa mgeni tu aliyekuja kutazama ndugu. Kwa hospitali, Kiingereza chetu kinafuata Uingereza, in hospital. Wamarekani huandika in the hospital hata kwa mgonjwa. Chagua moja ushikamane nayo.

Majina ya mahali nitayapita haraka. Ziwa na mlima mmoja havitaki the: Lake Victoria, Mount Meru. Mto, bahari, safu ya milima na kundi la visiwa vinataka: the Rufiji, the Indian Ocean, the Usambara Mountains, the Comoros, lakini Pemba, kisiwa kimoja, ni Pemba tu. Tanzania peke yake haina the, ila the United Republic of Tanzania inayo, kwa sababu ya republic. Taasisi yenye "of" baada ya neno la kawaida huwa nayo: the University of Nairobi, the Bank of Tanzania. Ikianza na jina la mahali au la mtu, kwa kawaida haina: Makerere University, Kenyatta University.

Yapo mawili madogo yenye gharama. I have few friends ni kulalamika kwamba marafiki ni haba. I have a few friends ni kusema wapo kadhaa, wanatosha. Na kwenye mikataba chunga the inayorukwa katikati. "The director and accountant" husomeka kama mtu mmoja mwenye vyeo viwili. "The director and the accountant" ni watu wawili. Nimewahi kuirudisha rasimu kwa aliyeiandika ili aniambie kwanza sahihi ni ngapi, maana kwa jinsi ilivyosomeka hapakuwa na namna ya kujua.

Kuhusu mazoezi, usijifunzie kwenye vichwa vya habari. "Minister opens new bridge" ni lugha ya kubana nafasi; shuka kwenye habari yenyewe uone vineno vimerudi. Wasifu wa kazi nao hubanwa hivyohivyo, lakini barua inayoambatana nao haibanwi. Chukua ukurasa wa mwandishi mzuri, uunakili ukiacha pengo kila penye a, an na the, na pia pengo la uongo mahali ambapo hakuna kitu. Uache ulale. Kesho ujaze, kisha ulinganishe.

Mtakapotofautiana, usikimbilie kitabu cha sarufi. Rudi juu kwenye aya utafute msomaji alikijuaje kitu hicho. Mara nyingi kimetajwa. Mara nyingine hakikutajwa kabisa, lakini kuna kilichokileta: mwandishi amesema we rented a house, na sentensi inayofuata ni the roof leaked. Paa halikutambulishwa popote. Lilikuja na nyumba.