Je, nimtege dada wa kazi kwa pesa kabla ya kumwajiri?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Naishi Pasua, Moshi. Ni muuguzi wa zamu za usiku na nina mtoto wa miezi minane. Dada wa kazi wa kwanza aliondoka na vitu vyangu. Sasa naletewa binti kutoka Kondoa. Shoga zangu wanasema nimtege, niache noti chini ya mto, akizigusa nimrudishe kwao. Wanadai hata Nabii Yusuf alitega. Inafaa?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Pole sana, dada yangu. Kuhudumia watoto wa watu wodini huku moyo uko kwa wako si jambo jepesi, na kuogopa baada ya kuibiwa si dhambi.

Mtego huo haufai. Na hoja ya Nabii Yusuf imeniuma, maana naisikia mara kwa mara, tena kwa watu waliosoma. Hebu wairudie Sura ya Yusuf, ya 12 katika Qur'ani. Katika aya ya 69 Yusuf anamwambia nduguye, "Mimi ni nduguyo," ndipo katika aya ya 70 kopo la mfalme likatiwa mzigoni mwa nduguye, aonekane mwizi azuiliwe. Hakuwa akimpima uaminifu. Alitaka abaki naye. Na aya ya 76 inasema Mwenyezi Mungu ndiye aliyempangia. Wewe na shoga zako mmepangiwa na nani? Sisi tumeambiwa tujiepushe na dhana, tusipelelezane (Qur'ani 49:12).

Isitoshe, binti akitandika kitanda atazigusa tu hizo noti. Utamhukumu kwa kufanya kazi uliyomtuma? Na asiyegusa shilingi yako anaweza kumtikisa mtoto anapolia. Mtego hautakuonyesha hilo.

Binti wa yule mzee wa Madiani alisema, "Mbora wa kumuajiri ni mwenye nguvu, muaminifu" (28:26), naye alikuwa amemwona Musa akiwanyweshea wanyama wao. Basi nawe siku zako za mapumziko kaa naye umwone akimwogesha mtoto, akimlisha uji. Muulize mtoto akipaliwa atafanya nini. Asipojua, wewe muuguzi mfundishe. Mpigie mwajiri wake wa mwisho. Zungumza na mama yake, usiishie kwa dalali. Uliza umri: aliye chini ya miaka 14 sheria ya ajira ya 2004 inakataza kumwajiri, na mimi hata wa 15 simkabidhi mtoto mchanga usiku. Mshahara utajwe siku ya kwanza. Katika hadithi ya Bukhari, Mwenyezi Mungu anasema atakuwa hasimu wa anayemtumikisha mtu kisha asimpe ujira wake.

Hili hukuuliza, ila siwezi kulinyamazia. Ukiwa zamu, mumeo analala nyumba moja na binti asiye maharimu wake, yaani anayeweza kumwoa. Hiyo ni faragha tuliyokatazwa, hata mumeo awe mcha Mungu kiasi gani. Mwombe mama mkwe au mdogo wako wa kike aje kulala hapo. Ikishindikana, binti aje mchana tu na usiku mumeo amlee mwanawe. Bi Aisha alisimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, kwa hiyo mumeo asione haya kubadilisha nepi. Lizungumzeni kabla binti hajapanda basi.

Wallahu aalam.