Jibu: Mama ana kikohozi kikavu tangu aanze dawa ya presha

Pole kwa kuuguza, dada. Umesema mama anakohoa wiki ya nne sasa, kikohozi kikavu, koo linamwasha hasa usiku, na dawa mpya aliyoanzishiwa ni enalapril. Mimi nisingelaumu vumbi kwanza. Kikohozi cha namna hiyo ni maudhi yanayojulikana sana ya kundi hilo la dawa, pamoja na captopril na lisinopril. Zinazuia kimeng'enya kinachochangia kupandisha presha, lakini kimeng'enya hichohicho ndicho kinachovunja bradikinini, kemikali inayotengenezwa na mwili wenyewe. Ikirundikana, njia ya hewa inawashwa. Ndiyo maana dawa za maji za kikohozi hazimsaidii, na kupunguza dozi kwa kawaida hakuleti nafuu.

Baba yangu mkubwa alipita hapohapo. Daktari akambadilishia losartan, dawa ya presha ya kundi jingine, kikohozi kikaisha taratibu (msitegemee kesho yake, huchukua wiki kadhaa, wakati mwingine hadi miezi 3).

Ila asiache vidonge kimyakimya, presha isije ikapanda. Mrudisheni kliniki na pakiti za dawa zote anazotumia, hata za mitishamba, maana wazee wetu hizo huwa hawazitaji. Kama ana makohozi, homa, jasho la usiku au anapungua uzito, apimwe kifua kikuu pia. Akivimba midomo, ulimi au uso, hapo msisubiri miadi: asimeze kidonge kingine, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo.