Kiganja Si Kipimo: Kuzuia Unyevu wa Zege Kabla ya Kubandika Sakafu ya Mbao

SWALI: Ninajenga nyumba Mamboleo, hapa Kisumu, na ninatamani sebule iwe na sakafu ya mbao za mvule. Zege la sakafu lina unene wa milimita 100. Lilimwagwa mwezi wa Februari, likanyeshewa masika yote, na paa likaezekwa mwishoni mwa Mei. Sasa ni Julai. Fundi wangu amelipapasa kwa kiganja akasema limekauka, na kwamba nikiwa na wasiwasi atalipaka lami kisha abandike mbao juu yake. Jirani naye ananishauri nitandike nailoni kwanza. Nimsikilize nani?
Mama wa watoto watatu, Kisumu

JIBU: Mama, nakuomba usimsikilize yeyote kati yao kabla zege lenyewe halijapimwa. Kiganja hugusa uso wa zege tu, na uso ndio sehemu inayotangulia kukauka. Maji yaliyotumika kukorogea simiti, pamoja na yale ya masika, bado yamo katika vinyweleo vya ndani, nayo hupanda polepole yakiwa mvuke na kutoka juu. Siku utakapofunika sakafu kwa mbao, njia hiyo ya kutokea itazibwa. Unyevu uliokuwa chini utasambaa hadi ufikie gundi, na zege lililoonekana kavu litakuwa na unyevu uleule juu na chini.

Katika kazi yangu nimewahi kuitwa kwenye nyumba moja ya Milimani ambayo mbao zake zilikuwa zimeinua kingo, kila ubao ukiwa umebonyea katikati mithili ya mtumbwi. Nilipong'oa ubao mmoja, gundi ilinyooka kama ubani uliotafunwa, na juu ya zege palikuwa na unga mweupe kama chumvi. Unga huo ni madini ambayo maji huyayeyusha ndani ya zege na kuyaacha juu yanapokauka. Maji hayo huwa na ukali wa simiti unaozila gundi nyingi polepole hadi zikalegea. Kingo nazo zilikuwa zimeinuka kwa sababu upande wa chini wa mbao ulikunywa maji ukavimba kuliko upande wa juu. Kilichonisikitisha zaidi ni kwamba wenye nyumba walikuwa wamekwisha kuzipiga msasa mara moja ili zilingane, ilhali bado zilikuwa na maji. Baadaye baadhi zilipokauka, kingo zilishuka na katikati pakabaki na mgongo. Mbao zilizoinua kingo hazipigwi msasa kabla chanzo cha unyevu hakijazibwa na zenyewe hazijakauka.

Sasa tuhesabu. Kwa makadirio ya kawaida, zege hukauka kiasi cha milimita 25 kwa mwezi hali ya hewa ikiwa nzuri, na linapokuwa nene huenda polepole zaidi. Zege lako la milimita 100 linahitaji basi miezi 4 au zaidi, na hesabu haianzi Februari bali siku lilipoacha kunyeshewa, yaani mwishoni mwa Mei. Kwa hiyo hata Septemba ikiisha, huna hakika bila kupima, na baada ya hapo mvua za vuli zinakaribia.

Kipimo rahisi ni kipande cha nailoni angavu cha sentimita 45 kwa 45, kilichobandikwa kwa selotepu pande zote nne bila kuacha mwanya, na kuachwa kwa saa 16 au zaidi. Ukikuta matone chini yake, au zege limegeuka rangi likawa la giza, unyevu upo. Lakini usipoona kitu, usishangilie, kwa maana kipimo hiki hukamata unyevu mwingi tu na hakioni ulio kina. Kipimo ninachokiamini ni cha kutoboa tundu hadi asilimia 40 ya unene, ambayo kwako ni milimita 40, kuziba tundu kwa kifaa cha kupimia unyevu wa hewa, na kusoma baada ya saa 24. Kwa sakafu za mbao, wengi huweka kikomo katika asilimia 75 ya unyevu wa hewa iliyo ndani ya tundu, ingawa gundi uliyonunua ina kikomo chake kilichoandikwa kwenye kopo, na hicho ndicho cha kufuata. Toboa angalau matundu matatu, moja likiwa karibu na ukuta wa nje.

Kuna swali moja unalopaswa kumuuliza fundi wako leo. Je, kabla ya zege kumwagwa, ilitandikwa nailoni nzito, ile ya geji 1000, juu ya mawe na moramu? Ikiwa haikutandikwa, zege lako halitamaliza kukauka, kwa sababu udongo utaendelea kulipatia maji kila msimu. Hapo hata kusubiri miaka miwili hakusaidii, na kizuizi cha unyevu kinachopakwa juu ya zege kinakuwa cha lazima. Vilevile, ikiwa maji ya mvua yanasimama kando ya msingi, chimba mtaro wa kuyaondoa kwanza, kwani kizuizi cha kupaka kimetengenezwa kwa ajili ya mvuke, wala hakistahimili maji yanayosukuma kutoka chini.

Ama lami na nailoni, sababu ya kuzikataa ni moja: gundi ya mbao hushika kile ilichopakwa juu yake. Nailoni imelala tu juu ya zege, haijashikwa na chochote, na gundi yenyewe haiishiki vyema. Lami hubaki laini, na gundi nyingi hukataa kuishika.

Kinachofaa ni epoksi, yaani dawa nzito ya kupaka inayoganda ikawa ngumu kama plastiki, ya makopo mawili, isiyo na maji wala kiyeyushi, iliyoandikwa kuwa ni ya kuzuia unyevu wa zege. Zege lisagwe kwa mashine hadi likwaruze kama msasa, kisha vumbi lifyonzwe, maana ufagio huacha unga kwenye vinyweleo. Dondosha maji hapa na pale: yakinywewa, uso uko tayari, yakibaki kama tone juu ya jani la gimbi, pana mafuta au dawa inayopakwa zege jipya ili lisikauke haraka, na itabidi kusaga tena. Nyufa zijazwe kwanza. Makopo yote mawili yachanganywe kamili bila kukadiria kwa macho, na mchanganyiko umwagwe sakafuni mara moja, kwa sababu ukiachwa kwenye ndoo hupata moto na kuganda baada ya nusu saa hivi, pengine chini ya hapo kwa joto la Kisumu. Paka tabaka la kwanza kwa rola, na likishika, la pili kwa kukata mkondo wa la kwanza, ukipandisha kidogo kwenye kuta. Kazi hii ifanywe jioni, zege linapopoa. Asubuhi, jua linapopanda, hewa iliyo ndani ya vinyweleo hutanuka na kuacha vitundu vidogo kama tundu la sindano, na kila kitundu ni mlango wa mvuke.

Baada ya hapo tumia gundi ya poliurethani, wala si gundi nyeupe ya maji. Juu ya epoksi, maji ya gundi hayana pa kwenda isipokuwa ndani ya mvule wako. Ikiwa siku zilizoandikwa kwenye kopo zimepita kabla ya kubandika, epoksi ikwaruzwe kwa msasa ili gundi ipate pa kushika. Acha mwanya wa milimita 10 hadi 12 kando ya kuta zote, utakaofunikwa na ubao wa pembeni.

SWALI: Nyumba yetu ya Section 58, Nakuru, ni ya zamani na sakafu yake ya simiti imepakwa nta nyekundu kwa miaka mingi. Fundi anataka kuiosha kwa asidi, apake epoksi, kisha abandike mbao. Je, yuko sahihi?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Epoksi ni sahihi, asidi siyo. Asidi haiondoi nta, huongeza maji kwenye zege unalotaka likauke, na isiposuuzwa vizuri huacha chumvi ambayo epoksi itabanduka nayo. Sakafu hiyo isagwe hadi wekundu wote uishe, hata kwenye pembe ambazo mashine kubwa haifiki na zinahitaji ile ya mkono. Miaka ya kung'arisha imezamisha nta kwenye vinyweleo, kwa hiyo rudia jaribio la matone ya maji nililomweleza mama wa Kisumu, ukianza na mlangoni na katikati ya sebule, ambako kwa kawaida nta ilipakwa mara nyingi zaidi.