Nyangumi Hupumua Hewa: Kwa Nini Afe Nchi Kavu?

SWALI: Bwana Mhariri, mwanangu wa darasa la sita aliona kwenye simu nyangumi aliyekwama ufukweni hadi akafa. Mwalimu wao amewafundisha kwamba nyangumi si samaki, na kwamba hupumua hewa kama sisi. Sasa ananiuliza: kama ni hivyo, kwa nini afe nchi kavu? Nimekosa jibu. – Mama wa Kadutu, Bukavu

JIBU: Mama, mwalimu amesema kweli, na mtoto ameuliza jambo ambalo watu wazima wengi hawalifikirii. Wale samaki wadogo, sambaza, unaowanunua sokoni, ukiwafunua shavu, utaona matamvua mekundu wanayopumulia majini. Nyangumi hana hayo. Ana mapafu, na pua yake iko utosini, nayo huifumba anapozama na kuifumbua anapoibuka. Huzaa, na humnyonyesha mtoto wake maziwa mazito yenye mafuta mengi.

Kinachomuua, basi, si kukosa hewa bali mwili wake mwenyewe. Wahenga wake walitembea kwa miguu minne yapata miaka milioni 50 iliyopita, na ndugu yake wa karibu zaidi aliye hai leo ni kiboko, yule yule wa Rutshuru na Ziwa Edouard. Kiboko amebaki na miguu ya kumbeba. Nyangumi amekwisha kuipoteza, kwa kuwa maji ndiyo yanayombeba. Nyangumi wa buluu huweza kufikia urefu wa mita 30 na uzito unaozidi tani 100. Mnyama mkubwa namna hiyo akilala mchangani, uzito wote hugandamiza mapafu, kila pumzi ikawa ya taabu, na misuli iliyobanwa, ikikosa damu, huanza kufa na kutia sumu mwilini.

La pili ni joto, na naona ndilo linalosahaulika zaidi. Chini ya ngozi ana tabaka nene la mafuta linalomkinga na baridi ya bahari. Akiwa nje ya maji, mafuta hayo hayo huzuia joto lisitoke, naye huungua kwa ndani hata pasipo jua kali. Pomboo, na jamaa zao wadogo wenye pua butu, hupatwa na hayo hayo ijapokuwa ni wepesi zaidi.

Ndiyo maana waokoaji humfunika kwa vitambaa vilivyoloweshwa na kummwagia maji mfululizo wakisubiri bahari ijae, huku wakihakikisha kwamba tundu la utosini haliingii maji wala mchanga.