Kwa wanaoanza zamu ya tahadhari ya tsunami: kina cha bahari kwanza, urefu wa wimbi baadaye

Kila kundi jipya linaloletwa kwetu kujifunza kazi ya zamu huanza na swali lile lile: wimbi litakuwa na urefu gani? Ni swali la haki, kwa kuwa waandishi wa habari, viongozi wa wilaya na ndugu zenu wenyewe watawauliza hivyo hivyo siku simu zitakapoanza kulia. Hata hivyo nawaomba mliweke kando kwa sasa. Urefu wa wimbi ndio jambo linalojulikana mwisho, tena kwa shaka kubwa. Yanayojulikana mapema ni mahali tetemeko lilipotokea na kina cha bahari kati ya mahali hapo na pwani yenu, na mwenye hayo mawili pamoja na kalamu anaweza kukadiria muda uliobaki kabla maji hayajafika.

Anzeni kwa kusahau mawimbi mliyoyazoea. Kusi likivuma, upepo husukuma maji ya juu tu, na mzamiaji akishuka chini vya kutosha hahisi tena msukosuko wowote. Tsunami huanzia upande wa pili, chini. Tarehe 26 Desemba 2004, magharibi ya kaskazini mwa kisiwa cha Sumatra, Indonesia, sakafu ya bahari ilipasuka kwa urefu wa zaidi ya kilomita 1,200 katika tetemeko la ukubwa wa 9.1, na maji yote yaliyokuwa juu ya mpasuko huo, kutoka sakafuni hadi usoni, yakainuliwa au kushushwa kwa mkupuo mmoja. Wimbi linalozaliwa hivyo hubeba mwendo wa bahari nzima kutoka juu hadi chini, ndiyo maana huvuka bahari bila kuchoka, na ndiyo maana mwendo wake hutawaliwa na kina cha maji.

Kanuni yake ni fupi, na mnapaswa kuijua hata umeme ukiwa umekatika. Chukua kina cha bahari kwa mita, zidisha kwa 9.8, kisha tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni mwendo wa wimbi kwa mita katika sekunde. Penye kina cha mita 4,000 utapata mita 198 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 713 kwa saa. Penye mita 50 mwendo umeshuka hadi kilomita 80 kwa saa, na penye mita 10 ni kama kilomita 36 kwa saa. Huwa nawataka wanafunzi wafanye hesabu hiyo kwa mkono, hatua kwa hatua, juu ya ramani ya bahari yenye vina, kabla sijawaruhusu kuigusa kompyuta. Wengine hulalamika kwamba programu hutoa jibu kwa sekunde chache. Ni kweli, lakini aliyewahi kuihesabu mwenyewe njia ya Sumatra hadi Lamu hatatishwa na mtu anayepiga simu akidai kwamba wimbi litafika baada ya nusu saa, wala hatalala usingizi akidhani ana siku nzima. Mwaka 2004 tetemeko lilitokea saa 9:59 usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Sri Lanka ilifikiwa baada ya takriban saa mbili, Somalia baada ya kama saa saba, na Lamu na Zanzibar baada ya zaidi ya saa nane, mchana wa Jumapili.

Katika safari hiyo yote, aliye katikati ya bahari haoni kitu. Satelaiti ya Jason-1 ilipita juu ya Ghuba ya Bengal saa mbili hivi baada ya tetemeko na kupima mwinuko wa kama sentimita 60 tu. Mwinuko huo ulikuwa umetandazwa juu ya mamia ya kilomita, hivyo meli iliyokuwa pale ingepanda na kushuka taratibu bila nahodha kutambua. Mvuvi aliye nje kwenye maji ya kina kirefu yuko salama kuliko ndugu yake aliye gatini, na kosa kubwa analoweza kufanya ni kukimbilia nyumbani. Liandikeni hilo katika ujumbe wenu kwa vikundi vya wavuvi.

Wimbi likipanda kutoka kina cha mita 4,000 hadi mita 10, sehemu ya mbele hupunguza mwendo huku ya nyuma ikiwa bado inakuja kwa kasi, kwa hiyo maji hujikusanya na kuinuka. Kwa kanuni wanayoitumia wataalamu, mwinuko huongezeka mara nne na nusu hivi kati ya vina hivyo viwili, kwa hiyo sentimita 60 hukaribia mita tatu kabla ghuba, mlango wa mto au mwinamo wa ufuko haujaongeza au kupunguza chochote. Hapa ndipo wengi husimama, wakidhani wameshaelewa maafa. Mita tatu? Kusi likikasirika, wavuvi huona mawimbi ya mita tatu na hurudi nyumbani kula.

Tofauti iko katika urefu wa mbele kwa nyuma. Wimbi la upepo hupita kwa sekunde kumi hivi, ila tsunami yenye mzunguko wa dakika 20, hata baada ya kubanwa hadi maji ya mita 10, bado ina urefu wa karibu kilomita 12 kutoka kilele hadi kilele. Hilo si wimbi linalovunjika na kurudi. Ni kama bamvua linalojaa kwa dakika kumi badala ya saa sita, likiwa na bahari yote nyuma yake, na haliachi kuingia nchi kavu kwa sababu tu limekutana na ukuta wa hoteli. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa zaidi ya tani moja. Maji yanayokwenda mita kumi kwa sekunde husukuma ukuta uliosimama mbele yake kwa nguvu ya kama tani tano kwa kila mita ya mraba, na mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu hiyo huongezeka mara nne. Mtu mzima huangushwa na maji yasiyofika magotini yakiwa na kasi hiyo.

Baada ya dakika chache, yale yanayoitwa maji huwa si maji tena. Ni mbao, mabati, magari, mashua, mitungi ya gesi na magogo, vyote vikisagana, na majeruhi wengi huumizwa na vitu hivyo. Kisha maji hurudi, na kurudi kwake kunaweza kuwa kukali kuliko kuja, kwa sababu yanateremka mteremko na kukusanyika kwenye mikondo michache, yakichimba misingi ya majengo yaliyostahimili pigo la kwanza na kuwavuta watu hadi nje ya miamba. Visima hubaki na chumvi. Kwa hiyo mnapoandika ripoti baada ya tukio msiridhike na kimo cha maji kwenye kuta. Pimeni pia maji yaliingia umbali gani ndani, na ulizeni yalichukua muda gani kuondoka.

Kisa cha Peraliya, kusini magharibi mwa Sri Lanka, nakifundisha kila mara kwa sababu hakuna kinachoeleza vizuri zaidi kwa nini wimbi la kwanza halipaswi kuaminiwa. Treni ya abiria iliyokuwa ikitoka Colombo ilisimama hapo asubuhi ile ya mwaka 2004 baada ya maji ya kwanza kuifikia reli. Wanakijiji, walioona kwamba mabehewa ni mazito na yamesimama imara, walipanda juu yake au kujificha nyuma yake. Wimbi lililofuata, kubwa zaidi, liliyang'oa mabehewa kutoka relini, na watu zaidi ya 1,700 wakafa. Zingatieni pia mahali penyewe: Peraliya haitazamani na Sumatra. Wimbi lilikizunguka kisiwa, kwani tsunami hupinda kufuata kina, na upande wa kisiwa usioelekea chanzo hauna kinga ya kutegemewa.

Kupinda huko, pamoja na uelekeo wa mpasuko, hueleza mambo ambayo mwanagenzi huyaona kama bahati. Mpasuko wa mwaka 2004 ulikwenda takriban kaskazini na kusini, na nguvu nyingi ya wimbi hutoka kwa kukata mpasuko, si kwa kuufuata. Kwa hiyo Bangladesh, iliyo kaskazini na si mbali, iliguswa kidogo, ilhali Somalia, iliyo magharibi ng'ambo ya bahari nzima, ilipoteza watu karibu 300. Tanzania ilipoteza watu wasiopungua kumi na Kenya mmoja. Msiwe na haraka ya kuzitumia takwimu hizo kuwatuliza watu. Wimbi lilifika kwetu wakati maji yako chini, na Kenya ilipata nafasi ya kuwaondoa watu ufukweni kwa sababu habari za huko mashariki zilikuwa zimeshatangazwa. Nayo kumbukumbu ya pwani yetu ni ndefu kuliko yetu sisi: katika Ghuba ya Pangani watafiti walichimbua tabaka la mchanga lililofunika makazi ya kale ya Waswahili pamoja na mifupa ya watu, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020 walilihusisha na tsunami ya miaka 1,000 hivi iliyopita.

Kuhusu kupwa na kujaa, nataka muwe waangalifu kuliko vitabu. Ni kweli kwamba wimbi likifika wakati wa kupwa halipandi sana nchi kavu. Lakini siku ile mwezi ulikuwa mpevu, na kila mtu wa pwani anajua bamvua likikupwa nani yuko wapi: akina mama wa mwani wako mashambani mwao kwenye maji ya magotini, wachokoaji wa pweza wako ukingoni mwa miamba, watoto wanawafuata, na kurudi ufukweni ni mwendo wa miguu kwenye matope na mawe. Kwao kupwa ndiyo saa ya hatari. Mkitayarisha orodha ya watu wa kuwafikia kwanza, wawekeni hao kabla ya hoteli, ambazo tayari zina vipaza sauti na walinzi.

Sasa habari za namba za mwanzo. Kituo cha tahadhari cha Pasifiki kilichoko Hawaii kilitoa taarifa yake ya kwanza ya tetemeko la Sumatra baada ya dakika 15 hivi, kikitaja ukubwa wa 8.0. Kati ya 8.0 na 9.1 nishati huongezeka zaidi ya mara 40. Japani, tarehe 11 Machi 2011, tahadhari ya kwanza ilitaja mita sita kwa mkoa wa Miyagi na mita tatu kwa Iwate, nayo ikaongezwa baadaye wakati baadhi ya watu walikuwa wamekatikiwa na umeme na hawaisikii tena. Matetemeko makubwa mno huchukua dakika kadhaa kumaliza kupasuka, na vipimo vya haraka huyapunja. Kwa hiyo mkipokea namba ya kwanza, itendeeni kazi bila kuitangaza kama kikomo.

Kosa la upande wa pili pia lipo. Tarehe 11 Aprili 2012 tetemeko la ukubwa wa 8.6 lilitokea karibu na Sumatra, tahadhari zikatolewa katika nchi nyingi za Bahari ya Hindi, na wimbi likawa dogo, kwa kuwa miamba iliteleza kwa ubavu badala ya kuinua sakafu. Tahadhari ile ilikuwa sahihi kwa yaliyokuwa yakijulikana saa ile, na ni juu yenu kuwaeleza wananchi hivyo siku ya pili, kwa lugha nyepesi, wasije wakaipuuza inayofuata. Yako pia mawimbi yasiyotanguliwa na mtikisiko mkali. Mwaka 1896 pwani ya Sanriku huko Japani ilihisi tetemeko hafifu, kisha watu 22,000 hivi wakafa. Na tarehe 22 Desemba 2018 ubavu wa volkano ya Anak Krakatau, Indonesia, uliporomokea baharini usiku, hakukuwa na tetemeko la kuwaamsha watu, na zaidi ya 400 walikufa.

Mtakapokwenda mashuleni, msifundishe kwamba bahari hurudi nyuma kwanza, kana kwamba ni sharti. Thailand ilirudi, lakini sehemu nyingi za Sri Lanka na India zilianza kwa maji kupanda. Wafundisheni watoto dalili yoyote isiyo ya saa yake: maji kukupwa au kujaa nje ya wakati, ngurumo kutoka baharini, ardhi kutikisika kwa muda mrefu. Kisiwa cha Simeulue, kilicho karibu sana na chanzo cha mwaka 2004, kilipoteza watu saba kati ya zaidi ya 70,000, kwa sababu masimulizi na nyimbo za tangu tsunami ya mwaka 1907 ziliwaambia wapande kilimani mara ardhi inapotulia, bila kungoja tangazo.

La mwisho ni kuhusu kuondoa tahadhari, kazi ambayo wakubwa wenu wataisukuma kwa haraka kwa sababu bandari iliyofungwa ni hasara. Bandari hunasa mawimbi, maji yakawa yanakwenda na kurudi ndani yake hata baada ya bahari ya nje kuanza kutulia. Mwaka 2004 huko Salalah, Oman, meli ya makontena yenye urefu wa mita 285 ilikatika kamba na kuzungushwa na mikondo, na Toamasina, Madagaska, meli ya mita 50 iling'olewa gatini saa kadhaa baada ya mawimbi makubwa kupita. Kabla ya kutia sahihi, tazameni vipimamaji, yaani vyombo vya kupimia kupanda na kushuka kwa bahari, vya bandari zenu wenyewe, si vya Seychelles, na mpigie simu nahodha wa bandari mumwulize maji ya gatini yanakwendaje. Akisema bado yanavuta, tahadhari ya bandari ibaki hata kama ile ya ufukweni imeondolewa.