Mwanangu yumo kwenye sherehe ile, Shangazi, nifanyeje?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mjane, mama wa watoto watatu, nina genge la viazi na parachichi hapa Uyole, Mbeya. Mwanangu wa pili yuko San Francisco, Marekani, huu mwaka wa saba, anahudumia wazee. Ndiye aliyeniezekea nyumba na ndiye anayemlipia mdogo wake ada.*

*Mwisho wa Juni alinitumia picha kwenye simu. Yuko barabarani kwenye umati, amevaa shati la kitenge nililomshonea mimi mwenyewe, begani kajifunga bendera ya rangi za upinde wa mvua. Chini kaandika: "Mama, hii ndiyo sikukuu yetu hapa mjini. Na mimi ni mmoja wao. Nimechoka kukuficha." Nilielewa, Shangazi. Tangu siku hiyo ni wiki ya tatu sipokei simu yake.*

*Nasikia wanaiita Praidi. Ni sherehe ya nini hasa? Je, wamemfundisha huko? Ni ugonjwa, nimpeleke kuombewa akirudi? Wifi yangu aliiona picha, sasa anadai nimtumie aoneshe ukoo. Mimi naimba kwaya kanisani, nina hofu. Mwanangu nampenda ila sina la kumwambia. — Mama wa Uyole*

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa hizo wiki tatu.

Kabla sijagusa swali lolote: picha hiyo usimtumie wifi yako. Usimtumie mtu yeyote. Hapa kwetu kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinataja, kwa wanaume wanaolala pamoja, kifungo kisichopungua miaka 30, na kinaweza kufika maisha. Kifungu kinazungumzia tendo, si picha, lakini mtaani watu hawasomi vifungu. Picha ikishaingia kwenye kundi la ukoo huwezi kuirudisha, na siku mwanao akitaka kuja kukuona, itakuwa imeshafika Songwe kabla ya ndege yake. Wifi akikuuliza tena, mjibu kwamba hayo ni ya kwako na mwanao, basi.

Sasa sherehe yenyewe, ya watu wanaopenda wa jinsia yao na waliobadili jinsi. Nilipostaafu unesi huku Iringa nilikwenda San Francisco, nikakaa miaka tisa nikimuuguza mzee mmoja nyumbani kwake, jirani na mtaa wa Castro. Mzee wangu alikuwa shoga. Nalitaja neno hilo kwa heshima yake yote, maana ndilo tulilo nalo. Kwa hiyo Praidi sikusimuliwa. Niliishi nayo kila mwisho wa Juni, nikaijua kama mkazi: barabara zipi zitafungwa, basi litazungukia wapi, na kwamba maziwa na dawa za mzee nivinunue Alhamisi, maana kuanzia Ijumaa jioni hupenyi.

Jambo la kwanza lingekushangaza ni baridi. Juni ya kule ni kama Juni ya Uyole. Ukungu unaingia kutoka baharini, unashuka vilimani, saa tano asubuhi bado umevaa sweta. Watu wa nje huja na fulana wakidhani Marekani kiangazi ni joto, wakaishia kununua makoti barabarani.

Ijumaa wanaandamana waliobadili jinsi, Jumamosi jioni wanawake wanaopenda wanawake, Jumapili ndiyo ile kubwa uliyoiona kwenye picha. Lakini mimi siku niliyoipenda kuliko zote ni Jumamosi asubuhi, ambayo wageni wengi wako bado kitandani.

Juu ya mji kuna vilima viwili vinaitwa Twin Peaks, vinautazama mji kama Loleza inavyoitazama Mbeya. Kila mwaka tangu 1995, watu wa kujitolea wanapanda huko na maturubai ya rangi ya waridi, wanayatandaza mlimani kutengeneza pembetatu kubwa, ncha ikitazama chini, inayoonekana ukiwa mbali sana mjini. Ni alama ambayo serikali ya Hitler iliwashonea mashoga kwenye nguo zao katika kambi za mateso. Mzee wangu alikuwa akienda kila mwaka hadi miguu ilipokataa. Mwaka huo akaniambia, nenda wewe badala yangu.

Nikaenda. Nilipewa nyundo na mfuko wa misumari mirefu ya chuma. Upepo ule uliliingia turubai kwa chini, likajaa kama tanga la jahazi, likawa linatuvuta. Binti mmoja mwembamba akalikalia pembe yake kwa nguvu zote, miguu kaikita kwenye nyasi, akanipigia kelele nigonge. Udongo wa pale ni mawe tupu. Msumari unaingia nusu, unapinda, unaung'oa, unatafuta pengine. Vidole vilikufa ganzi. Tulipomaliza niliteremka, nikamkuta mzee kavutiwa kiti dirishani, anaitazama pembetatu na darubini yake ya zamani, analia bila kutoa sauti. Sikumuuliza. Nilimwekea chai.

Usiku wa Jumamosi hiyo, kama kila mwaka, aliniomba nimteremshie boksi la viatu kutoka juu ya kabati. Ndani kulikuwa na vile vikaratasi vya ibada za mazishi, vyenye picha ya marehemu na nyimbo. Lilikuwa limejaa hadi kifuniko kinashikiliwa na mpira. Alivitoa kimoja kimoja, akisema jina, akakilaza mezani. Mwenzake wa maisha yumo, aliyefariki 1986. Wengi wao vijana, wana masharubu, wanacheka.

Hapo ndipo mimi nilipoielewa Praidi, mdogo wangu, na sikuhitaji kufafanuliwa. Ripoti ya kwanza ya ugonjwa ule, UKIMWI, ilitoka Marekani tarehe 5 Juni 1981, na ilihusu vijana kama hao. Kwetu wagonjwa wa kwanza walitambuliwa Kagera 1983. Wewe ni mtu wa Nyanda za Juu, unajua yaliyofuata. Nilikuwa nesi miaka ya tisini, nilikwenda Makete nikakuta nyumba zina bibi na wajukuu tu, katikati hakuna mtu. Nimewaosha watu ambao ndugu zao waliwaletea chakula wakakiacha nje ya mlango. Kaka yangu mwenyewe alikuwa mmoja wao, na mimi nesi nilichelewa wiki mbili kwenda kumwona kwa kuogopa maneno ya watu. Nilimkuta bado ananisubiri. Nalisema hili gazetini kwa mara ya kwanza kwa sababu yako.

Mzee aliniambia kwamba wengi wa kwenye boksi lile walizikwa na marafiki. Wazazi walipigiwa simu, hawakuja.

Jumapili nilimsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi Market Street, blanketi magotini. Mbele kabisa wanatangulia wanawake kwa pikipiki, mamia, mngurumo wake unausikia kifuani. Kisha wanapita zimamoto, walimu, manesi wa hospitali ya mji na sare zao, makanisa na kwaya zao. Naam, kwaya, wakiimba tenzi nilizozijua, nami nikaitikia sauti ya pili kwa Kiswahili. Yapo pia niliyoyachukia na sikufichi: pombe nyingi mno, na watu wanaopita karibu uchi mbele za watoto. Mzee mwenyewe hakupenda magari ya makampuni yenye nembo kubwa kuliko watu. Alikuwa akigeuza uso yakipita. Mji mzima uko pale, na mji una kila aina ya mtu.

Ila subiri kundi la wazazi lipite. Ni akina mama na akina baba wa kawaida, wengine wazee kama mimi, wamebeba mabango yanayosema wanawapenda watoto wao. Makofi yanabadilika. Niliona wanaume wazima, wenye mvi, wanavuka kamba kwenda kumkumbatia mama wasiyemjua. Mmoja alimshika mama wa watu mabegani akawa anamtazama tu usoni, hasemi, mpaka safari ikabidi iendelee.

Desturi hiyo aliianza mama mmoja. Jeanne Manford, mwalimu wa shule ya msingi New York. Mwaka 1972 mwanawe, Morty, alipigwa vibaya akigawa vipeperushi vya haki za mashoga. Mama huyo aliandika barua gazetini, kisha Juni akaandamana naye amebeba bango la kuwaita wazazi wenzake waungane kuwasaidia watoto wao. Vijana walimkimbilia njiani wakimwomba akazungumze na mama zao. Machi 1973 akaitisha kikao kanisani, wakaja watu kama 20. Leo chama kilichotokana na kikao hicho kina matawi kote Marekani.

Umeuliza asili yake. Usiku wa tarehe 28 Juni 1969 polisi walivamia baa ya Stonewall Inn huko New York, kama walivyozoea kuvamia sehemu walizokutana watu hao. Usiku huo wateja hawakukubali, vurugu zikaendelea siku kadhaa. Mwaka mmoja baadaye, 28 Juni 1970, wakaandamana kukumbuka. Ndiyo maana ni Juni. Na ile bendera aliyojifunga mwanao ilizaliwa San Francisco, 1978. Gilbert Baker na wenzake waliitia rangi kwa mikono kwenye mapipa ya taka, wakaishona. Wewe mshonaji utaelewa kazi hiyo. Ya kwanza ilikuwa na rangi nane, sasa ni sita.

Amefundishwa huko? Hapana. Angalia Kiswahili chetu kina maneno mangapi ya watu hawa, na mengine bibi zetu waliyajua kabla hawajaona ndege. Huku Afrika, Johannesburg waliandamana Oktoba 1990, Simon Nkoli akiwa mmoja wa viongozi, na baadhi ya waandamanaji walivaa mifuko ya karatasi vichwani ili wasitambulike. Mwanao nadhani naye ameuvaa mfuko wake miaka mingi, hapo hapo Uyole, mezani kwako. Marekani hakupata tabia. Alipata barabara ya kutembea uso wazi.

Wala si ugonjwa. Shirika la Afya Duniani liliuondoa ushoga kwenye orodha yake ya maradhi tarehe 17 Mei 1990. Kumwombea mwombee, mama hamwachi mwanawe bila dua: mwombee afya, kazi, na usalama barabarani. Lakini usimpeleke kwa mtu wa kumfungia ndani, kumnyima chakula au kumkemea mapepo. Nimewapokea wodini vijana waliotoka kwenye "maombi" ya namna hiyo, wakiwa na majeraha ya kamba mikononi.

Kuhusu kwaya, endelea kuimba. Huna deni la kutangaza chochote mbele ya mtu. Ukihitaji wa kumwambia, chagua mmoja, ambaye umewahi kumwambia siri ikakaa. Mchungaji asiwe wa kwanza, hasa kama hujui atasema nini Jumapili. Mimi Mlutheri, nasali hadi leo, na mambo haya nimebishana na Mungu kwa magoti, si kwa siku moja. Sikulazimishi ufike nilipofika mimi. Ukiwa bado na uchungu, hata hasira, mwambie mwanao hivyo hivyo kwamba una uchungu. Anaweza kulipokea hilo. Asichoweza kukipokea ni simu inayoita mpaka inakata, siku ishirini mfululizo.

Mdogo wangu, itazame tena ile picha. Alikuwa na nguo nyingine. Siku ambayo mji mzima unavaa inavyotaka, yeye alivaa shati ulilomshonea wewe, ili uwepo pale barabarani naye. Mzee wangu, kwenye boksi lake lote, hakuwa na barua hata moja kutoka kwa mama yake.

Saa zao ziko nyuma yetu kwa saa kumi kipindi hiki. Ukipiga saa kumi na mbili asubuhi kabla hujafungua genge, kule ni saa mbili ya usiku wa jana, ametoka kazini. Kama maneno yatakukauka, mwulize amekula nini. Halafu mwulize kama ana koti zito, maana kwenye picha ile yuko na kitenge peke yake, na mji ule mimi naujua baridi yake.